Vidonge Kati ya Vifungo

Kwa miaka thelathini na minane, midomo ya fundi huyu ilikuwa kikasha cha pini. Aliweza kubana pini kumi na mbili upande mmoja, na kwa upande wa pili akakuuliza habari za nyumbani, akakusema kwa kunenepa, akakuchekesha mpaka kipimo kikaharibika, na isianguke hata moja. Watu walimwita Nusu Inchi, kwa sababu hakukata nguo bila kuacha nusu inchi ya akiba kwenye mshono. "Mwili hauaminiki," alikuwa akisema. "Leo uko hivi, kesho umegeuka. Uachie nafasi."

Kazi yake ilikuwa magauni ya harusi. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye mlango mpana wa kioo, meza ndefu ya kukatia katikati, na cherehani mbili zinazotazamana kama mke na mume. Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Ya kushoto yake, ya kulia ya mkewe. Yeye alikata, akashona kifua cha gauni kwa mkono, mahali panapotaka utulivu wa mkono na macho. Mkewe alishughulika na bitana, pindo na vifungo. Dirishani palikuwa na kopo la bati lililojaa vifungo vya mabaki, vya kila rangi, vimekatwa kwenye nguo zilizokufa. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kopo hilo lilifunguliwa kwa shida ya kweli.

Miaka miwili nyuma moyo wa fundi ulianza vituko. Alikuwa ameketi tu, uzi mkononi, mara moyo ukakimbia, ukakwama, ukaruka, kama cherehani yenye mkanda uliolegea. Mkewe akampeleka kliniki akipinga. Daktari wa huko akamweleza polepole: moyo ukitetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama kwenye pembe yake, na damu iliyotuama huganda. Donge likichomoka humo, hufuata mkondo mpaka mshipa utakapokuwa mwembamba, likaziba.

"Linaweza kwenda kichwani?" aliuliza mkewe.

"Linaweza."

Basi wawili hao wakatoka pale na neno moja, kiharusi. Daktari alitaja na sehemu nyingine za mwili, lakini nani anasikiliza tena akishasikia kichwa? Fundi akapewa kidonge cha presha, kidonge cha kupunguza mafuta kwenye damu, na hiki cha tatu cha kuzuia damu isigande, kidogo, cha mviringo, chekundu kilichofifia. Akaambiwa aache sigara. Akaambiwa anywe maji. Mkewe, aliyekuwa mwanamke wa taratibu, akaweka sheria: vyote vitatu vitamezwa mchana, dukani, pamoja na chakula, mbele ya macho yake.

Na kwa karibu miaka miwili vilimezwa.

Kasoro ilianzia kwenye kidole. Fundi hakupenda kuvaa subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole. Alisema satini huisikii ukiwa na chuma kidoleni, ni sawa na kumshika mtoto ukiwa na glavu. Kwa hiyo sindano ilimchoma mara mbili tatu kwa siku, na haikuwa kitu. Mafundi wa nguo nyeupe wana dawa yao: unatafuna kipande cha uzi mweupe mpaka kilowe, unagusia pale palipodondoka damu, na doa linaondoka. Damu yako hutolewa na mate yako mwenyewe. Ya mtu mwingine hayafai, husema, na hakuna anayejua kwa nini.

Siku hiyo mkewe alikuwa ametoka kununua lesi. Fundi alikuwa akimalizia kifua cha gauni la satini, mshono wa mwisho kabisa, sindano ikamwingia chini ya ukucha. Akatafuta uzi wa kutafuna. Kabla hajauweka mdomoni, damu ilikuwa imeshuka tone moja, la pili, la nne. Akabana kidole. Akaachia. Ikaendelea. Damu iliyozoea kukata kwa kupulizwa sasa ilitiririka kama bomba lililosahauliwa. Akasimama amekinyoosha kidole mbali na meza, akitazama madoa yakitanuka kwenye weupe ule. Mate yalitoa wekundu, lakini satini ikabaki na alama ya maji, kama ramani. Akafumua kifua kizima, akakata kipya, akashona bila kuinua kichwa. Mkewe aliporudi alikuta kazi inaendelea.

"Bado hujamaliza tu?"

"Nilirekebisha kidogo."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, mdogo, wa kutoshea kwenye tundu la sindano. Lakini usiku na mchana fundi aliwaza jambo moja: fundi wa magauni meupe anayetoka damu ni fundi aliyekwisha. Harusi zilikuwa zimepangana. Magauni matano yalikuwa yakining'inia. Akajiambia, nitakipumzisha hiki kidonge kidogo tu, mpaka msimu upite. Moyo wenyewe umetulia. Kichwa hakiumi. Kiharusi kiko wapi?

Sasa, mtu mwingine angepata taabu kumdanganya mke aliyekaa mbele yake na glasi ya maji mkononi. Lakini huyu alikuwa na midomo ya miaka thelathini na minane. Alikitia mdomoni kidonge cha presha, akameza. Cha mafuta, akameza. Kile chekundu akakibana juu ya fizi, mahali pa pini ya kwanza, akanywa maji, akasema "Alhamdulillah," akacheka, akala, akasimulia habari za mteja mwenye mkwe mkali. Halafu akajifuta mdomo kwa leso. Mkewe akigeuka kuosha vyombo, leso ikafika dirishani, na kidonge kikalala kati ya vifungo. Kati ya vifungo vya shati na vya blauzi, nani angekitambua?

Siku ya kwanza nusura kidonge kimponyoke. Siku ya kumi alikuwa stadi.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili lilianza kabla ya lile la kidole. Kila akila, kama nusu saa baadaye, tumbo lilimkaba hapa katikati, chini kidogo ya kifua, likamsokota kwa saa nzima kisha likaachia. Akigusa tumbo, ni laini. Akikaa bila kula, ni mzima wa afya. Alimdokezea jirani yake, fundi viatu wa mlango wa pili, mtu mwenye ulimi uliochongoka kuliko msumari wake.

"Vidonda vya tumbo hivyo," fundi viatu aliamua, akiwa ameng'ata msumari. "Mwenzako nilikuwa navyo. Nikaacha pilipili, nikaacha wasiwasi, nikabakia na mke tu."

"Na vikapona?"

"Mke hajaondoka bado, siwezi kusema."

Basi fundi akatumia njia yake mwenyewe. Kama chakula kinaleta maumivu, dawa ni kupunguza chakula. Sahani ikawa nusu, nusu ikawa robo. Alikula mbele ya mkewe taratibu, akizungumza sana, akigawanya tonge mara nne. Na akishika kitambaa cheupe hakunywa maji kutwa nzima, asije akaacha kazi kwenda msalani na kurudi na mikono yenye unyevu. Alikonda. Lakini mke wa fundi atajuaje kama mumewe amekonda, ikiwa suruali inamkaa vilevile? Alizipunguza zote kiunoni, mara ya kwanza inchi moja, mara ya pili inchi moja, mara ya tatu hakupima tena. Alizipunguza kwa ustadi hata mshono haukuonekana. Mashati akayabana ubavuni. Kioo kirefu cha dukani kilimwonyesha mwanamume nadhifu, na mkewe alimwambia mara moja, kwa upendo kabisa, "Mwenzangu wewe huzeeki."

*

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi kama zote. Saa saba mchana bibi harusi alikuja kujaribu gauni, akasimama juu ya kigoda mbele ya kioo. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye pindo, pini kumi na mbili mdomoni, akizunguka taratibu. Dakika arobaini zilikuwa zimepita tangu avimeze viwili na kubana kimoja.

"Fundi, nisipumue?" aliuliza bibi harusi.

"Pumua, mwanangu. Siku ya harusi utapumua pia."

Mkewe alicheka kutoka kwenye cherehani. Na kicheko hicho hakijaisha, pini zote kumi na mbili zikaanguka sakafuni.

Mguu wa mkewe ukaacha kukanyaga cherehani. Sauti ile ndogo ya pini kwenye saruji hakuwahi kuisikia tangu aolewe. Alipoinua macho, mumewe alikuwa amejikunja kwenye pindo la gauni, amelikumbatia tumbo, kinywa wazi, na hakuna sauti inayotoka. Uso ulikuwa na rangi ya chaki.

"Baba! Baba watoto, nini?"

"Kimekatika," fundi alisema. "Ndani. Kitu kimekatika."

Akatapika pale pale, pembeni, akiwa bado na akili ya kusukuma gauni kwa kiwiko lisichafuke. Bibi harusi akapiga ukelele, akaruka kutoka kigodani akiwa na pini za pindo zikimchoma vifundo vya miguu. Fundi viatu aliingia mbio na kiatu cha mtu mkononi.

"Shemeji, kuna nini? Nani kamfanya nini?"

"Sijui! Alikuwa anacheka! Sasa hivi tu alikuwa anacheka!"

"Mshike huku. Jirani, nishike shingoni. He, mbona mwepesi hivi? Jamani, huyu mtu mbona mwepesi hivi?"

Walimtia kwenye gari la kwanza lililokubali kusimama, fundi akiwa amejikunja kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mkewe. Maumivu hayakuwa yakija na kwenda kama yale ya baada ya chakula. Haya yalikuja yakakaa. Na katikati yake, fundi aliwaza jambo la ajabu: kichwa hakiumi. Mkono unanyanyuka. Ulimi ni wangu. Basi si kiharusi, basi si kile kidonge. Akajishikilia hapo kama mtu anayezama anavyoshikilia nyasi.

*

Daktari wa zamu alikuwa msichana, umri wa binti yao wa mwisho, nywele amezifunga nyuma, kalamu imekaa sikioni kama ya seremala. Alimbonyeza fundi tumboni, upande huu, upande ule. Tumbo lilikuwa laini kama unga wa maandazi. Akambonyeza tena, akamtazama usoni, akakunja uso.

"Mzee, kati ya moja na kumi, maumivu ni mangapi?"

"Kumi na mbili," fundi alisema.

"Na hapa nikibonyeza yanaongezeka?"

"Hayana habari na wewe, mwanangu. Yako kwao."

Daktari hakucheka. Tumbo laini na mtu anayelia, vitu hivyo viwili havikupatana. Akamgeukia mke aliyekuwa amesimama na mkoba kifuani.

"Mama, ana ugonjwa wowote?"

"Presha. Na moyo wake hudunda ovyo, lakini tuna dawa. Ana cha presha, cha mafuta, na cha kuzuia damu kuganda."

Kalamu ikatoka sikioni. "Hicho cha kuzuia damu kuganda, anameza kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Leo amemeza. Mimi mwenyewe ndiye ninayempa, nasimama pale mpaka ateremshe. Sijaruka hata siku moja, daktari, naapa."

"Hakuna haja ya kuapa, mama. Amepungua uzito karibuni?"

"Hata kidogo. Nguo zake za mwaka juzi zinamkaa kama jana. Sisi ni mafundi, ningejua."

"Anavuta?"

"Tatu kwa siku. Amejitahidi."

Daktari akaandika, mabega yakashuka kidogo. Fundi aliliona hilo. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa akisoma mabega ya watu, na aliyajua mabega ya mtu aliyeondoa wazo fulani kichwani. "Basi tuanze na nyongo," daktari alimwambia muuguzi. "Na kongosho. Mpe dawa ya maumivu, damu iende maabara, tukipata majibu ndipo tupige picha."

"Ni nini ulichokuwa unakifikiria?" fundi aliuliza.

"Mzee, pumzika."

"Ulikuwa unafikiria kitu, ukakiacha. Kipi?"

Daktari alisita. "Nilifikiri huenda donge la damu limetoka kwenye moyo, likaziba mshipa unaolisha utumbo. Hilo lina haraka kuliko yote, utumbo usiopata damu hufa kwa saa chache. Lakini kwa mtu anayemeza dawa yake kila siku kama wewe, nafasi ni ndogo. Nitaliangalia, lakini si la kwanza."

Utumbo! Fundi akalirudia neno hilo moyoni. Kwa hiyo donge lina njia nyingine? Kwa hiyo siku zote alizokuwa akijipapasa kichwa kama mtu anayetafuta kofia, adui alikuwa akishuka kwa ngazi ya nyuma? Akageuza macho kwa mkewe. Mkewe alikuwa akimpangusa jasho kwa ncha ya kitambaa chake, uso umejaa imani yote ya miaka thelathini na minne ya ndoa. Kuapa alikoapa kulikuwa bado hewani.

Angenyamaza, angekufa akiwa mume mwema. Wazo hilo lilimpitia, na lilikuwa wazo kamili, lenye kichwa na miguu.

"Sijameza," alisema.

"Unasemaje?" mkewe akainama.

"Kile chekundu. Sijakimeza."

"Leo umekimeza. Nimekuona, baba. Maumivu yanakuchanganya." Akamgeukia daktari. "Maumivu yanamchanganya."

"Sijakimeza leo. Wala jana." Akafumba macho, maana asingeweza kulisema akimtazama. "Siku arobaini na moja."

Muuguzi aliyekuwa akifungua sindano aliacha kuifungua.

"Siku ngapi?" daktari aliuliza.

"Arobaini na moja. Naviweka kwenye kopo la vifungo."

Mkewe akatazama mikono yake mwenyewe, ile iliyokuwa ikishika glasi ya maji. "Lakini nilikuona," alisema, kwa sauti ndogo kabisa, kama mtoto aliyeambiwa jua si jua. "Koo lako lilikuwa linateremka. Nilikuwa naliona."

"Lilikuwa linateremsha maji."

Daktari alikuwa ameshageuka, anapiga simu, anazungumza haraka: picha ya tumbo, ya mishipa, sasa hivi, na mwiteni daktari wa upasuaji. Akafunika simu kwa kiganja. "Mzee, kingine chochote? Chochote. Wakati ni huu."

"Nimekonda. Kila nikila tumbo linanisokota, miezi mitano sasa. Nimepunguza kula. Suruali nimezipunguza."

"Umezipunguza?" mkewe aliuliza. Akashika kiuno cha suruali ya mumewe, akakigeuza nje. Na hapo, kwa jicho la kazi yake, akaiona: mishono mitatu, mmoja ndani ya mwenzake, midogo, sawasawa, mizuri kupindukia. Akaiachia kama aliyeungua.

"Sigara?" daktari aliuliza.

"Tisa. Kumi siku ya kazi nyingi."

"Maji?"

"Kikombe kimoja. Nikishika nyeupe sinywi."

Daktari akashusha pumzi. Alihesabu huku akitembea kando ya kitanda kilichokuwa kimeanza kusukumwa, si kwa ukali, bali kama mtu ambaye mwenyewe hajaamini. Moyo unaodunda bila mpangilio. Presha. Mafuta yaliyoganda ukutani mwa mishipa. Umri umevuka sitini. Sigara kwa miaka yote hiyo. Mwili uliokauka maji, damu ikawa nzito. "Yale maumivu baada ya kula, mzee, yalikuwa utumbo unaodai damu. Ukila, unahitaji damu zaidi, na mishipa yako ilikuwa imeshabana. Ulikuwa unapewa onyo kila mlo. Halafu juu ya yote hayo ukaacha dawa. Kama ungeniambia nitafute mtu wa kupatwa na ugonjwa huu, nisingempata aliyetimia kuliko wewe."

Fundi viatu, aliyekuwa amesimama korido na kile kiatu cha mtu bado mkononi, alisikia yote. "Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona, "na huyu nguo kazishona mwenyewe." Halafu akaona uso wa mke wa fundi, akajuta, akashika kinywa chake.

*

Picha ilionyesha donge limekaa kwenye mshipa mkuu wa utumbo kama kizibo. Walimfungua saa kumi na moja jioni hiyo. Waliondoa donge, wakakata utumbo uliokwisha kufa, wakaunga uliobaki. Siku ya pili wakamfungua tena kuhakikisha kwamba uliobaki ungali hai, na ulikuwa hai. Walipomwambia wamekata karibu mita moja, fundi, bado akiwa na mpira puani na akili nusu, alijibu, "Yadi moja na inchi tatu." Muuguzi alidhani anaweweseka.

Mkewe alikuja kila siku. Alimgeuza, alimfuta, alimlowesha midomo kwa pamba. Lakini hakuzungumza naye ila ya lazima. Nyanyua mkono. Geuka huku. Fundi aliyezoea kumchekesha kila mtu alijaribu mara moja, mara ya pili, akaacha. Hakuwahi kuona mke wake akiwa hivyo. Hakuwa na hasira; hasira yake aliijua, ilikuwa na vyombo vinavyogongana na ilikwisha kabla ya chai. Hii ilikuwa nyingine. Alimtazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango uko upande mwingine wa nyumba.

Siku ya sita daktari yule msichana alipita asubuhi. Akatazama mshono, akauridhia, akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo madaktari hawafanyi mara nyingi.

"Mzee una bahati, na hiyo bahati umeisaidia kwa kusema ukweli. Saa mbili zaidi, na tungefungua tumbo tukafunga bila la kufanya. Sasa, dawa ya damu ni ya maisha. Sigara zimekwisha, hata moja. Maji kutwa nzima. Chakula kidogo kidogo, mara nyingi." Akamgeukia mke. "Mama, utamsimamia kwenye dawa?"

"Hapana," mkewe alisema.

Daktari alidhani hakusikia vizuri. "Mama?"

"Nilimsimamia siku arobaini na moja. Macho haya mawili, hatua moja kutoka mdomoni mwake. Nikaapa mbele yako, na kiapo changu nusura kimuue." Hakuinyanyua sauti. "Siku ile ulipohesabu vile vitu vinavyoleta ugonjwa huu, nilisubiri unitaje na mimi. Mke anayetazama na haoni. Hukunitaja, kwa adabu. Basi usinipe tena kazi hiyo. Muulize mwenyewe."

Fundi alitamani maumivu ya siku ile yarudi kidogo, apate pa kujificha.

"Si kwamba hukuona," alisema. "Mimi nilishona nisionekane. Hiyo ndiyo kazi yangu, na nilikufanyia wewe."

Mkewe akageuka kutazama dirishani.

"Mzee," daktari alisema taratibu, "kuna jambo sijalielewa. Dawa ilikudhuru? Ilikupa kizunguzungu, kichefuchefu? Kwa nini uliiacha?"

Fundi akatazama vidole vyake juu ya shuka. Vilikuwa safi, vyembamba, na ncha zake zilikuwa na vidoti vidogo vidogo vya miaka yote. Akaona haya, haya ya mtu mzima mbele ya mtoto. Lakini hapakuwa na mahali tena pa kuuweka ukweli ila mezani.

"Nikijichoma sindano, damu haikatiki," alisema. "Inadondokea gauni. Satini haisameheki. Nilitaka kujua, fundi kama mimi akimeza dawa hii, halafu akajichoma, afanye nini?"

Daktari alionekana anasubiri swali lenyewe.

"Unabana kidole kwa kitambaa," alisema. "Unabana kweli, bila kuachia kuchungulia, dakika kumi. Inakatika. Unakifunga plasta, unaendelea na kazi. Ikikusumbua sana unakuja tunazungumza, pengine tunaangalia kipimo cha dawa." Akasita. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Miaka miwili unakuja kliniki, hukuwahi kumuuliza mtu?"

"Niliona ni swali la kijinga."

Daktari alisimama, akaandika kwenye faili, na alipokuwa akiandika kalamu ilimtoka, akainama kuiokota, akaenda zake.

Mkewe aligeuka kutoka dirishani. Kwa mara ya kwanza baada ya siku sita alimtazama mumewe machoni, na fundi akaona kwamba macho yale yamejaa, na kwamba hayajui kama yanataka kulia au kucheka.

"Dakika kumi," alisema.

"Ndiyo."

"Dakika kumi, baba watoto. Ningekushikia mimi hicho kidole."

Akaketi ukingoni mwa kitanda.